Nilichana karatasi ya hygge Jumatano ya Majivu

Juzi mama mmoja wa Likasi ameniandikia: "Dada, ile karatasi yako ya maneno ya Wazungu, ile uliyotuonyesha wakati wa Majilio, tutumie na sisi tupange mwaka wa nyumba zetu." Nilisoma nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Karatasi hiyo haipo. Niliichana kwa mikono yangu Jumatano ya Majivu, 18 Februari 2026, na sababu yake sijamwambia mtu mpaka leo.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilikuwa nimeshikwa na homa ya maneno yasiyotafsirika. Wadenmarki wana hygge, ule utulivu wa kukaa pamoja ndani, mishumaa ikiwaka, nje baridi. Wajerumani wana Vorfreude, furaha ya kungojea furaha. Wasweden wana lagom, kiasi kinachotosha, si kingi si kidogo. Wareno wana saudade, hamu ya kitu au mtu ambaye huenda hatarudi. Nikaona mwaka mzima wa Kanisa umo humo! Vorfreude ikawa ya Majilio, hygge ya Noeli, lagom ya Kwaresima, saudade ya Novemba tunapowaombea marehemu. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, nikabandika jikoni juu ya meza. Ilipendeza, sitajifanya mnyenyekevu. Na ninajua wewe unayesoma hapa nawe unataka nyumba yenye mpango, nyumba ambayo watoto wanajua kwa nini padri leo amevaa zambarau. Ndiyo maana ulinipigia makofi.

Basi sikiliza ilivyokwenda.

Mkesha wa Noeli hapa Lubumbashi unaujua: mvua imenyesha mchana, jioni joto linapanda kutoka ardhini, maembe yameoza chini ya mti na nzi wamekuja kula sikukuu kabla yetu. Nikafunga madirisha. Nikazima taa. Nikawasha mishumaa saba. Kitinda mimba wangu akaingia kutoka uani: "Mama, umeme imekatika tena?" Kabla sijamjibu, kaka yake alikuwa ameshachukua tochi, na mwingine amezima simu ya baba yake ili chaji isiishe. Mume wangu jasho linamtiririka. Nikaanza kuwaeleza Denmark na baridi yake. Mulamu wangu, dada wa mume wangu, akaangalia taa, akaangalia mishumaa, akasema mbele ya wageni wote: "Siku umeme iko, weye unazima?"

Walicheka mpaka mtu akamwaga kinywaji. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Miezi sita imepita na kicheko kile bado nakisikia. (Mulamu, najua unasoma hapa.)

Januari siisimulii. Ilikuwa minervali (karo ya shule), madeni na mvua.

Kwaresima ndiyo iliyonivua nguo. Kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba, mahindi huvunwa kuanzia Aprili. Kwa hiyo Februari ndio mwezi mbaya: mahindi ya zamani yamekwisha, mapya bado mabichi shambani, na bei ya unga inapanda huku watu wakisubiri malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mimi pesa ya unga nilikuwa nimeila Desemba, nyingine kwenye mishumaa. Jumatano ya Majivu tukarudi kutoka Misa na vumbi kwenye paji la uso. Nikapika bukari, ugali wetu, kidogo tu, kila mtu tonge mbili, halafu nikasimama chini ya karatasi yangu kuhubiri lagom, kiasi kinachotosha. Mwanangu wa miaka kumi na mitatu akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mama, lagom ni kufunga ao ni njaa?"

Sikuwa na jibu. Anayefunga ana chakula, akakiacha. Sisi hatukuwa na cha kuacha. Usiku nikachana karatasi.

Wiki ile ile nikasoma habari moja ya zamani. Mwaka 2004 kampuni moja ya tafsiri ya London iliwauliza wataalamu wa lugha ni neno gani duniani gumu kuliko yote kutafsiri. La kwanza likatoka kwetu Kongo: ilunga, la Kitshiluba. Ati maana yake ni mtu anayesamehe kosa mara ya kwanza, akavumilia mara ya pili, lakini mara ya tatu hakuna tena. Nikamsomea mume wangu, Muluba halisi. Akaweka kikombe chini. "Ilunga? Si jina la baba mkubwa?" Ni kweli. Ilunga ni jina la watu, ni jina la mfalme Kalala Ilunga katika masimulizi ya Waluba, ni jirani anayegonga mlango kuomba chumvi. "Na kama ndiyo maana yake," akaendelea, "mbona baba mkubwa mara ya kwanza yenyewe hajawahi kusamehe?"

Hapo nilielewa kitu. Kama London walimgeuza baba mkubwa kuwa falsafa, huenda na Mdenmarki angeiona hygge yangu ya mwezi wa kumi na mbili akaanguka kwa kicheko. Lakini ile maana ya uongo ilinikaa rohoni, kwa sababu ilinifanana. Mulamu nilikuwa namhesabia: hii ya kwanza, hii ya pili. Petro naye alihesabu mpaka saba akadhani amezidisha, akaambiwa sabini mara saba. Ewe mama unayepanga Kwaresima, usipange chakula peke yake! Panga na mlango utakaougonga ili mpatane. Usiniambie huna muda, muda wa kununua mishumaa ulikuwepo.

Nikaenda kwa Mulamu Jumamosi. Alikuwa ameketi kwenye baraza na beseni ya bowa, uyoga mkubwa wa porini, udongo mwekundu bado umeshika mashina. Anafuta kila kofia kwa kitambaa kibichi, anapasua kwa vidole, anatandaza juu ya mkeka. Hatukusema samahani, wala mimi wala yeye. Alinisogezea kigoda nikaanza kufuta. Baada ya muda akasema: "Miye nahesabu kinyumenyume." Anachukua kalenda ya parokia, anatafuta Majivu, kisha anarudi nyuma mwezi kwa mwezi mpaka kwenye mavuno. Mahindi anayanunua Mei mpaka Julai, bei ikiwa chini na barabara kavu. Anayaanika tena hata muuzaji akiapa yamekauka, maana unyevu na fukusi ni ndugu. Anapeleka mashineni kidogo kidogo.

Imeniuma kwamba ushauri bora ninaoutoa hapa ni wake. Lakini ndio huo. Chukua kalenda ya parokia. Majilio yanaanza 29 Novemba, Majivu mwakani ni 10 Februari, mapema, na Pasaka 28 Machi. Hesabu kinyumenyume. Minervali ya Septemba iweke pembeni kabla hujagusa ya Noeli. Hesabu tena.

Hygge sikuitupa, niliihamisha. Baridi yetu ni Juni na Julai. Ijumaa iliyopita, sikukuu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, tulisali rozari uani tukizunguka mbabula, jiko letu la makaa, watoto wamejifunika blanketi, viazi vitamu vinaiva kwenye majivu. (Mbabula ibaki nje. Ukiiingiza chumbani na kufunga mlango, hewa yake inaua na hutaiona.) Hakuna aliyeulizia umeme. Wala sikutaja Denmark.

Mulamu alikuwepo. Alipoinuka kwenda, alipitia jikoni akaangalia magunia yangu matatu ya kilo 50, yale ambayo nimeapa hayataguswa kabla ya Januari. Nilisimama mlangoni nikingoja sifa. Akayagonga kwa ngumi moja baada ya jingine, kama mtu anayebisha hodi.

"Watu sita? Ongeza moja."

La nne nalileta Jumamosi.