Swali la lugha: Mizia walio hai wana mtungo?

SWALI: Naandaa maelezo ya picha za chini ya bahari kwa maonyesho ya shule yetu. Picha moja ilipigwa Mafia, kwenye Mlango wa Kinasi, na inaonyesha mizia wengi wakizunguka juu ya mwamba. Niliandika: "Mtungo wa mizia unazunguka mwamba." Mwalimu mwenzangu amelikataa neno mtungo, ilhali mimi nilifundishwa kuwa nomino ya makundi kwa samaki ni mtungo. Nani kakosea? Na niseme linazunguka, wanazunguka au inazunguka?

JIBU: Mwenzako ndiye aliyepatia, mwalimu, ingawa waliokufundisha nao hawakukudanganya. Walikupa neno bila kukuonyesha lilikotoka.

Mtungo umezaliwa na kitenzi tunga. Mvuvi akifika pwani huchukua ukindu au kipande cha kamba, akakipitisha kwenye shavu la samaki kikatokea kinywani, kisha akamfuatishia wa pili, wa tatu, wa nne. Hapo ndipo anapokuwa na mtungo. Ni kazi ileile ya kutunga shanga kwenye uzi, na ndiyo maana shanga nazo zina mtungo. Changu watano wanaoning'inia kwenye usukani wa baiskeli ni mtungo. Changu haohao alfajiri, kabla ya kuuona mshipi, hawakuwa mtungo wa chochote. Kwa hiyo aliyekulia pwani akisoma sentensi yako ataona mizia waliokufa, wamepitishwa kamba mashavuni, na mtu anawazungusha majini.

Hili linaniuma, kwa sababu nomino za makundi tunazikaririsha watoto kama jedwali la kuzidisha: bumba la nyuki, thurea la nyota, mtungo wa samaki. Mtoto anapata alama zake na kuondoka akiamini kuwa samaki popote walipo ni mtungo. Angeulizwa tu "nani kawatunga?", angejua mwenyewe lini neno linafaa.

Kwa samaki walio hai neno ni kundi. Ni neno la kawaida, lakini linatosha, na kwa mizia linabeba mengi. Mizia wana jamaa wengi, wote wa jenasi ya Sphyraena: mwili mrefu kama mkuki, taya la chini limetokeza mbele, meno makali, na mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana mbali. (Baadhi ya wavuvi watakwambia tengesi, fuata jina la bandari uliyopo.) Si wote wanaopenda kuandamana. Yule mkubwa kuliko wenzake, Sphyraena barracuda, anayeweza kufikia mita 2, akishakomaa mara nyingi hutembea peke yake. Utotoni hujificha kwenye mikoko na majani ya bahari. Kama walio pichani wana milia mingi myeusi ubavuni na mkia mweusi, yumkini ni Sphyraena qenie, aliyeelezwa kisayansi na Klunzinger mwaka 1870. Hawa ndio wa makundi makubwa. Mchana hukaa penye mkondo, kwenye milango ya bahari na kingo za miamba, na kundi linaweza kuonekana mahali palepale kwa miezi. Usiku hutawanyika kwenda kuwinda.

Hakuna kamba inayowashika. Kila samaki humtazama jirani yake, na ubavuni ana mstari wa hisia unaotambua maji yanavyosukumwa na aliye karibu naye. Mmoja akigeuka, wa pembeni anajua papo hapo.

Sasa upatanisho. "Kundi la mizia linazunguka" ni sahihi, kwa kuwa nomino kuu ni kundi. "Mizia wanazunguka" ni sahihi pia. "Mizia inazunguka" si sahihi: umbo la m-/mi- linatuponza, lakini kiumbe mwenye uhai hufuata a-/wa-, kama mkunga na mikunga, au mkizi na mikizi. Tunasema mkizi amerukia ngalawa, hatusemi umerukia.

Kuchagua kati ya li- na wa- ni suala la unachotaka msomaji akione. Ukieleza umbo, yaani duara, ukubwa, mwendo wa pamoja, tumia li-: kundi linajikunja, linapanda, linafunika mwanga. Ukieleza tendo la samaki mmoja mmoja, rudi kwa wa-. Kundi halina meno. Wenye meno ni mizia. "Kundi liliuma dagaa" haikosi kanuni yoyote, lakini sikio langu linaikataa. Afadhali "mizia walijitenga na kundi, wakawarukia dagaa."

Hapohapo uangalie na kitenzi cha chakula chao. Nimewahi kusoma kwamba mzia "anavua" samaki wadogo. Kuvua ni kwa mtu mwenye nyavu, dema au mshipi. Mzia anawinda: hutulia majini bila kutikisika, kisha huchomoka ghafla kama mshale.

Na mwamba umeutumia vizuri. Tumbawe ni kiumbe chenyewe. Mwamba ni kile ambacho matumbawe yamekijenga kwa miaka mingi, na mizia huzunguka juu yake.

Mimi ningeandika hivi chini ya picha: "Kundi la mizia linazunguka juu ya mwamba, Mlango wa Kinasi, Mafia. Usiku mizia hawa hutawanyika, kila mmoja akawinda peke yake." Na kama una picha nyingine ya mvuvi akiwa amewabeba begani kwa kamba moja, neno lako la mtungo liandike hapo.