Mabaraza ya parishi England yana kazi gani?

Mdau hapo juu anauliza haya mabaraza ya parishi kule England yana faida gani, si yafutwe tu. Kwanza siyo ya kanisa bana, ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, sheria ya 1894 ndo iliyatoa mambo ya serikali ya kijiji mikononi mwa kanisa yakapewa watu wa kuchaguliwa, na leo yapo kama 10,000 hivi. Madiwani wengi hawalipwi, anayelipwa ni karani, na hela inatoka kwenye kaongezeko kadogo kanakokatwa pamoja na kodi ya nyumba. Kazi zenyewe ni makaburi, kibanda cha kusubiria basi, bembea za watoto, vishamba vya kukodi vya mboga. Usicheke, bembea ikikatika unadhani halmashauri ya wilaya itakuja lini? Huyu diwani anapita hapo kila asubuhi na mbwa wake.

Kwenye vibali vya ujenzi wanatoa maoni tu, hawaamui, na hapo ndo watu wanapokasirika. Ila tangu sheria ya 2011 wanaweza kuandaa mpango wa ujenzi wa eneo lao, wakazi wakaupigia kura, ukipita wilaya lazima iuzingatie, mi naona thamani yao kubwa iko hapo. Matatizo yapo, viti vingi vinapita bila kupingwa maana hakuna anayegombea, na vikao vingine ni vurugu tupu, kaangalie ile video ya kikao cha baraza la parishi la Handforth iliyosambaa 2021, wazee wazima wanafokeana kwenye Zoom mpaka wanatolewa 😂