Kimo cha kabati za vioo kwa mgeni wa kiti cha magurudumu

Kabati za vioo za maonyesho ziwe na kimo gani ili mgeni wa kiti cha magurudumu aone vizuri? Macho ya mtu mzima aliyeketi huwa sentimita 110 hadi 130 hivi kutoka sakafuni. Kabati la kutazamwa kutoka juu lisizidi 90, na chini yake acha uwazi wa 70 ili magoti yaingie; bila uwazi huo atalazimika kuweka kiti ubavu na kupinda shingo.

Hapo ndipo wengi huharibu. Kabati lililoning'inizwa ukutani na kuacha uwazi huohuo ni hatari kwa asiyeona: fimbo yake hupita chini bila kugusa kitu, kisha mwili ndio unaogonga kona. Teremsha miguu au mbao za pembeni mpaka karibu na sakafu, pande zote mbili. Magoti yatapita katikati, fimbo itagusa pembeni.

Maelezo yawekwe kwa mwinamo, yasilale chali. Na tafadhali, kabla ya kukaza skrubu, washa taa zote kisha keti mbele ya kioo: mwako wa taa kwenye kioo usiouona ukisimama mara nyingi hufuta maandishi yote ukiketi. Nafasi ya kugeuza kiti ni duara la kipenyo cha mita 1.5.