Maswali na majibu: Mkimbizi akija, kijiji kinaulizwa?

Safari hii wasomaji wa Kusini mmeniletea maswali ya wakimbizi matupu. Nayajibu moja baada ya jingine, marefu nimeyafupisha.

Nasikia Marekani gavana anaweza kukataa wakimbizi wasiletwe jimboni kwake. Kweli? (Msomaji, Masasi)

Ilijaribiwa, haikufika mbali. Tarehe 26 Septemba 2019 Rais Trump alisaini amri iliyotaka gavana wa jimbo na uongozi wa wilaya, wote wawili, waridhie kwa maandishi kabla mkimbizi hajapangiwa makazi kwao. Magavana wengi waliridhia, wakiwemo wa chama chake. Greg Abbott wa Texas alikataa Januari 2020. Kule North Dakota, wajumbe wa wilaya ya Burleigh walipiga kura Desemba 2019, 3 kwa 2, kukubali wakimbizi wasiozidi 25. Mjadala wote ule kwa watu wasiojaza hata basi moja la Newala!

Tarehe 15 Januari 2020 Jaji Peter Messitte wa Maryland akaisimamisha amri hiyo, mahakama ya rufaa ikamuunga mkono Januari 2021, na mwezi uliofuata Rais Biden akaifuta. Isitoshe, mkimbizi akishapokelewa Marekani yuko huru kuhamia jimbo lolote. Umemkatalia Texas Jumatatu, Ijumaa amepanda basi kwenda kwa binamu yake Houston, humo humo Texas. Na baadhi ya hao waliokuwa wanajadiliwa ni Wakongo waliotoka kambi yetu ya Nyarugusu, Kigoma.

Na sisi je? Serikali ikiamua kuweka kambi kijijini kwetu, mkutano wa kijiji una kauli? (Msomaji, Nanyumbu)

Kwenye watu, hapana. Kwenye ardhi, ndiyo, na hapo ndipo penye uzito.

Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa Waziri wa Mambo ya Ndani mamlaka ya kutenga maeneo ya wakimbizi kukaa. Haidai kura ya madiwani wala ya mwenyekiti wa kijiji. Lakini kambi haikai hewani. Ikitakiwa ardhi ya kijiji, inaingia Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Ardhi inayohamishwa kwa manufaa ya umma ikiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na waziri wa ardhi anaamua. Kwa vyovyote vile, ardhi haihami mpaka yakubaliwe mambo ya fidia: ya aina gani, kiasi gani, italipwa lini.

Kambi kwa kawaida ni kubwa, kwa hiyo tegemeeni kuangukia kwenye kundi la kupendekeza. Basi pendekezeni kwa makini. Muhtasari utaje mikorosho ni ya nani na ni mingapi, kisima kipi kitachangiwa, kuni zitakatwa wapi. Na liangalieni daftari la mahudhurio. Karatasi mliyosaini mkiingia isije ikabandikwa nyuma ya muhtasari ambao hamkuusikia, ikaitwa ridhaa. Daini usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.

Mimi naona utaratibu huu, pamoja na upungufu wake, ni bora kuliko ule uliojaribiwa Marekani. Kijiji kiulizwe habari za shamba na maji, ambazo kinazijua. Nani kakimbia vita na nani kajitungia, hilo halipimwi kwa kunyoosha mikono mkutanoni.

Warundi waliopewa uraia, mbona hawakusambazwa mikoani kama ilivyotangazwa? (Msomaji, Lindi Mjini)

Unawasema wale waliokimbia Burundi 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wapatao 162,000. Mpango wa awali ulikuwa wahame makazi yale, wasambazwe mikoa mingine, huko ndiko wakabidhiwe vyeti vya uraia. Viongozi wa mikoa iliyotarajiwa kuwapokea wakapinga, na mwaka 2011 mpango ukasimama. Walikuja kuanza kupewa vyeti 2014, wakiwa palepale walipo. Hakuna sheria iliyoitaka mikoa iridhie, lakini kule kupinga kwao kuliwaacha watu miaka kadhaa mikono mitupu, ilhali wameshaukana uraia wa Burundi. Mwenye kudhani ridhaa ya wenyeji ni ya kwenye sheria tu, asome kisa hiki.

Babu anasema hapa kwetu kulikuwa na wakimbizi wa Msumbiji. Ni kweli? (Kijana, Rutamba)

Babu yuko sahihi. Makazi ya Rutamba yalifunguliwa 1965 kwa Wamsumbiji waliokimbia vita ya kumng'oa Mreno. Serikali kuu ndiyo iliyopanga. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao. Waliobaki ni akina nani, hilo kamuulize babu mwenyewe, mimi simo.

Shemeji zangu walikimbia Palma, Msumbiji, wako kwangu na watoto wao. Nimevunja sheria? (Mama, Mtwara Mikindani)

Mama, kuwapokea ndugu hakuna wa kukulaumu. Kuwaficha ndiko kutakakokuponza. Sheria inamtaka aliyeingia nchini kuomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba kwa afisa husika, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani wa mahakama. Mtendaji anapokea tu, uamuzi uko ngazi ya taifa.

Hofu yao naielewa. Mwaka 2021, Palma iliposhambuliwa mwezi Machi na watu wakavuka kuja huku, Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, liliripoti Wamsumbiji zaidi ya 9,600 waliorudishwa kwa nguvu kupitia mpaka wa Negomano. Hata hivyo Tanzania imeridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, unaokataza kumrudisha mtu penye hatari ya maisha yake, na anayejulikana kuwa ameomba hifadhi ana pa kushikia kuliko aliyejificha.

Usiwatume peke yao, nenda nao. Chukua majina ya wote hadi wachanga, siku waliyovuka na mahali walipovukia. Kama unaweza, kwanza pitia kwa wanaotoa msaada wa kisheria. Siku saba zikiwa zimeshapita, nendeni hivyo hivyo, mueleze kilichowachelewesha.