Diski pacha zikitofautiana, mashine inamjuaje mkweli?

Mkuu, umeuliza: ukifunga diski mbili zinazobeba kitu kilekile, kisha moja ikaharibu data kimyakimya, mashine itajuaje ipi ni ya kweli? Inategemea mfumo wa mafaili ulioweka. Mimi somo hilo nimelilipia.

Nina kistudio cha picha hapa Majengo, Dodoma. Nilikuwa na Linux, diski mbili pacha kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, juu yake mfumo wa mafaili wa ext4, nikajiona nimemaliza. Siku hiyo mteja kafuata picha za sendofu. Nafungua moja: bibi harusi yupo vizuri hadi kifuani, kuanzia hapo kijivu kitupu mpaka chini. Nikazima mashine, nikawasha, nikafungua ileile: nzima! Nikasema ni uchovu. Kumbe mdadm husoma mara diski hii, mara ile.

Nikaendesha ukaguzi, ikanihesabia tofauti. Nikaiamuru irekebishe, na hapo ndipo nilipojichongea. Kwenye pacha, mdadm haiulizi nani mkweli. Huchukua nakala moja na kuiandika juu ya nyingine. Ikabeba mbovu. Niliomba radhi hadi mate yakakauka.

ZFS, mfumo wa mafaili uliozaliwa kampuni ya Sun Microsystems na ninaoutumia sasa, iko tofauti. Kila bloku, yaani kipande cha data, inapoandikwa hupigiwa hesabu, yaani cheksamu, na cheksamu hiyo haikai na bloku yenyewe. Inatunzwa kwenye bloku ya juu inayoielekeza, nayo hiyo ya juu cheksamu yake iko kwa mzazi wake, hivyohivyo hadi kileleni. Diski haiwezi kukuletea uongo na cheti cha uongo huo kwa mkono mmoja. Wakati wa kusoma hesabu hupigwa tena. Isipolingana, inakwenda kwa pacha, ikikuta nzima inakupa hiyo, kisha inaandika upya ile mbovu. Wewe utaona tu namba imepanda kwenye safu ya CKSUM ukiandika zpool status.

Btrfs, mfumo mwingine wa mafaili wa Linux, nayo hufanya hivyo, ila ukiweka chaguo la nodatacow, cheksamu za data zinazimika. Wengi wanaiweka bila kujua.

Sasa, picha ya mwaka juzi ambayo hakuna anayeifungua inaweza kuoza bila habari. Dawa yake ni skrabu: inasoma kila kitu kilichohifadhiwa na kukihakiki. Mimi naendesha kila mwezi, usiku, wateja wakishaondoka.

Namba ya CKSUM ikipanda usiifute tu ukaendelea na shughuli. Yangu ilipanda upande mmoja. Nikabadilisha waya, wapi! Mchawi alikuwa kadi ya bei chee niliyoongezea matundu ya diski. Nilipochomeka diski moja kwa moja kwenye ubao mama, skrabu iliyofuata ikatoka sifuri.

Ukiwa na diski moja tu, ZFS itakuambia data imeharibika lakini haina pa kuchukua nyingine. Na ukifuta faili kwa mkono wako, linafutika pacha zote mbili. Ndiyo maana nakala ya tatu iko nyumbani Nzuguni, kwenye diski ya nje, ndani ya kabati la nguo.