Uhandisi wa Elektroniki na Mawasiliano: je, ajira bado zipo?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM: Hisabati B, Fizikia C, Kemia D. Natamani kusoma Uhandisi wa Elektroniki na Mawasiliano, lakini mjomba wangu aliyeko Dar es Salaam anasema kampuni za simu haziajiri tena, bora nisome kompyuta. Kozi hii inafundisha nini hasa, na nikimaliza nitafanya kazi wapi?
Msomaji, Shinyanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa matokeo.

Mjomba wako ana ukweli wake. Zamani kampuni ya simu ilimiliki minara yake na kuajiri wahandisi wa kuipanga, kuisimika na kuitunza. Siku hizi sivyo. Vodacom iliuza minara yake kwa Helios Towers mwaka 2013, na wengine nao wameuza yao. Matengenezo hufanywa na wakandarasi, na sehemu kubwa ya usanifu hufanywa na watengenezaji wa mitambo kama Huawei na Ericsson. Kwa hiyo kazi hazikufutika, zimehamia kwingine. Anayemaliza chuo leo mara nyingi huanzia kwa mkandarasi mdogo, kwa mkataba mfupi na malipo ambayo hayatamfurahisha. Nakwambia mapema ili ujiandae.

Lakini hapo ndipo ninapotofautiana naye: anaipima fani nzima kwa kampuni za simu peke yake. Elektroniki ndiyo nusu ya kozi hii ambayo watu huisahau, nayo ndiyo inayofungua kazi nyingi.

Katika nusu hiyo utajifunza namna umeme unavyotawaliwa ndani ya vifaa vidogo: transista, vikuza sauti, saketi za dijitali, mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja), vihisio. Nusu ya pili ni mawasiliano: namna ya kuifikisha taarifa mbali bila kuharibika njiani. Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha kwa hesabu kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha taarifa inayoweza kupitisha, na kikomo hicho hutegemea upana wa masafa (idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde, si umbali) na uwiano wa nguvu ya mawimbi na kelele, yaani mawimbi yasiyotakiwa. Simu ya 5G mkononi mwako inatii kanuni hiyohiyo.

Nikupe kazi moja ya kweli. Unaunganisha minara miwili iliyoachana kilomita 20 kwa mawimbi ya gigahezi 7. Hata anga ikiwa safi kabisa, kabla hujahesabu msaada wa antena, mawimbi hupoteza takriban desibeli 135 njiani (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu, na kila desibeli 10 ni mara kumi). Yaani kinachofika ni sehemu moja kati ya zaidi ya trilioni 30 ya kilichotumwa. Ukiongeza umbali mara mbili, unapoteza desibeli 6 nyingine. Sasa mtu akuambie utumie gigahezi 23 kwa umbali uleule kwa sababu masafa hayo yanapatikana. Kiangazi huenda kiungo hicho cha minara miwili kikafanya kazi vizuri, lakini masika kikawa kinakatika, kwa kuwa kuanzia gigahezi 10 hivi kwenda juu matone ya mvua hunyonya na kutawanya mawimbi kwa kiwango kikubwa. Tena kinachohesabiwa ni ukali wa mvua inaponyesha, si jumla yake kwa mwaka. Dhoruba ya nusu saa Dodoma inaweza kukata mawasiliano ambayo manyunyu ya kutwa nzima Bukoba yasingeyagusa. Mhandisi huyajua haya kabla mnara haujasimama, na kwa kweli huo ndio utamu wa fani hii.

Sasa, kazi ziko wapi? TANESCO ina vituo vya kupozea umeme vyenye mifumo ya ulinzi na udhibiti wa mbali. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inategemea mifumo ya ishara na mawasiliano. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina rada na mitambo ya kuongozea ndege. Hospitali zina mashine za CT na ultrasaundi zinazohitaji watu wa kuzitunza. Viwanda vya saruji na vya vinywaji vinaendeshwa kwa mitambo ya kujiongoza. Na huko kwenu kuna migodi. Katika mgodi wa chini ya ardhi mawimbi ya redio hayapenyi mwamba, hivyo hulazwa kebo maalumu inayovujisha mawimbi kidogo kidogo kwenye mahandaki ili wachimbaji waweze kuongea. Kuitunza kebo hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma unachotaka kusoma.

Kuhusu kompyuta: kama unachokipenda ni kuandika programu tu, msikilize mjomba. Ila nimeona wahitimu wa elektroniki wakihamia kwenye programu bila taabu kubwa, na wachache sana wakifanya safari ya kurudi.

Kozi za aina hii zipo DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma, St. Joseph na kwingineko, kwa majina yanayotofautiana kidogo. Soma mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kisha uliza Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama programu hiyo inatambuliwa. Fanya hivyo kabla hujalipa ada. Ukimaliza utajisajili kama mhandisi mhitimu, ufanye kazi chini ya uangalizi, kwa mfano katika mpango wa bodi wa miaka 3, ndipo uombe kuwa mhandisi mtaalamu. Ukiweza, tembelea maabara na uulize wanafunzi ni mara ngapi wanaishika wenyewe osiloskopu, kifaa kinachoonyesha umbo la mawimbi ya umeme. Jibu lao lina uzito kuliko jina la chuo.

Mafunzo kwa vitendo usiyachezee. Afadhali uende kwa mkandarasi asiyejulikana atakayekupeleka saiti kuliko ofisi kubwa itakayokufanya mtu wa kutoa fotokopi miezi miwili. Na usingoje chuo kikufundishe kila kitu: nunua multimita (kipimo cha umeme) na bodi ya Arduino (bodi ndogo ya mikrokontrola ya kujifunzia), vyote vinapatikana Kariakoo, uanze kuunda.

D ya Kemia haitakusumbua sana ukishadahiliwa. C ya Fizikia ndiyo ya kufanyia kazi. Katika miezi hii ya kusubiri, rudia mada za mawimbi, umeme wa mkondo geu na sumakuumeme, na upande wa Hisabati namba changamani. Muhula wa kwanza utazikuta zote kwenye somo la saketi, na mwalimu hatazirudia.