Mtoa mada, weka hiyo chupa chini

Siku ya 12 tangu mbwa atolewe uvimbe pajani, kidonda hakijafunga, na wewe unatuambia unakimwagia haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya povu ya kusafishia vidonda, asubuhi na jioni? Ndiyo maana hakifungi!

Nilimfanyia mbwa wangu, Bosi, upuuzi huohuo hapa Tabata, Dar, wiki tatu nzima baada ya upasuaji. Jamaa wa duka la dawa aliniambia, "Ukiona povu, ujue uchafu unatoka. Usiache." Nikawa nalisubiri povu kama mtu anayefua mashuka. Kumbe hata pasipo na uchafu litatoka tu: dawa ikigusa damu na nyama hai inaumuka, na papo hapo inaua chembe changa zinazojaribu kuziba kidonda.

Kila asubuhi nilikuta kidonda chekundu chenye vipunjepunje, kama ndani ya pera lililoiva. Huko ndiko kupona kwenyewe! Mie nikadhani kimechafuka. Namwaga, kinageuka cheupe kama kidole kilichokaa kwenye beseni la nguo. Kesho tena.

Mwisho kingo zikafa, kikaanza kunuka, nzi wakajialika, nikaja kuona funza. Bosi akarudi kwenye meza ya upasuaji, akakwanguliwa, akashonwa upya, na bili ya pili ikaizidi ya kwanza. Nilipomfuata yule jamaa akanijibu eti mbwa wangu ana damu chafu. Damu chafu! Nilitamani nimnyweshe hiyo chupa. (Sikumnywesha, msije mkanipigia polisi.)

Daktari wa mifugo alinipa kipimo kimoja: usichoweza kutia jichoni mwako, usitie kwenye kidonda. Kwa hiyo spiriti, majivu, oili chafu ya gari, vyote nje. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko cha chai kisichojaa, yaache yapoe, mwagia taratibu, kausha pembeni kwa gozi safi (kitambaa cha kufungia vidonda). Basi.

Na asilambe. Koni ya dukani, ile ya kumvisha shingoni asifikie kidonda, ukiiona ghali, kata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, kingo uzizungushie kitambaa. Bosi alifanana na taa ya mezani, lakini hakulamba.

Kikitoa usaha au harufu, usingoje majibu yetu humu, mpeleke leo.

Chupa yangu iliyobaki natolea madoa ya damu kwenye mashuka. Kwa kazi hiyo, kusema kweli, haina mpinzani.